Fungu Langu Lilikuwa Jina

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na wifi yangu na huyo kiumbe mpya mliyetutangazia kwa maneno machache kama mtu anayeandika huku anakimbizwa. "Mke wangu kajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, tuombeeni." Basi? Kafanana na nani? Ana nywele? Tumeomba, na shangazi kaomba mpaka magoti yakamgomea kuinuka. Tangu ahamie kwangu kagombana na majirani wawili na kupatana na mmoja, kwa hiyo ujue afya anayo. Shemeji yako yuko njiani na lori lake kama kawaida, akirudi hata nyusi zina vumbi. Mimi bado niko kwenye kiwanda cha mikate, ila msimamizi kanitoa kwenye tanuri na kuniweka kwenye meza ya kufungia mikate, nikae kwenye kiti. Hapo ndipo penye habari yangu.

Nina mimba. Naingia mwezi wa nne. Unajua zile mbili zilivyoishia, zote zilipogusa mwezi wa tano, kwa hiyo hapa nyumbani hatusemi kwa sauti. Nakuambia wewe tu. Naogopa, mdogo wangu. Nikipanda ngazi naogopa, nikipiga chafya naogopa.

Unakumbuka tulivyogawana vitu vya baba? Wewe ulichukua sanduku lake la vifaa vya kutengenezea mizani, ingawa hata msumari ulikuwa huwezi kuugonga bila kujigonga kidole. Mimi nikasema niachieni jina, nimpe mwanangu wa kwanza wa kiume. Watu walicheka, maana hata mchumba sikuwa naye. Ulicheka kuliko wote, kisha ukasema mbele yao, "Chukua, dada. Sanduku langu, jina lako." Sasa nakuja kuchukua fungu langu.

Wewe upo kwenye uchapaji, majina ya watu yanapita mikononi mwako kutwa. Niandikie kila unachojua kuhusu jina la baba. Bado watu wanawapa watoto wao, au limebaki kwa wazee? Shangazi anasema maana yake ni "mwenye kubaki", na hicho ndicho ninachotaka mimi. Mtoto wa kubaki.

Na huyo wenu mmempa jina gani?

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisalimie shangazi, mwambie magoti yasimsumbue, bado tunayahitaji. Na shemeji pia.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi ilitubana, mashine kubwa iliharibika katikati ya oda ya kadi za harusi, tukawa tunachapa kwa ile ndogo ambayo inakohoa kama mzee. Wifi yako amepata nguvu. Mtoto alizaliwa mdogo sana, alikaa hospitali kwa muda, lakini sasa ananyonya na kulia vizuri. Nywele anazo. Tunamwita Mgeni.

Habari yako imenifurahisha kuliko nilivyoweza kuandika. Nimeanza barua hii mara nyingi. Usibebe vitu vizito, na ukiambiwa ulale, lala.

Mambo ya jina nitayaulizia.

Mdogo wako


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki, kumbe imeisha. Mtu unachapa maneno ya watu wote, ya kwako unayabana hivi!

Huku wazima. Jirani wa tatu naye amegombana na shangazi, sababu ni kamba ya kuanikia nguo. Mwezi wa tano nimeuvuka, niko wa sita, na mtoto anacheza. Jana alipiga teke nikiwa nafunga mikate, nikaangusha sinia zima, msimamizi akakasirika kisha akaona uso wangu akaanza kuniokotea.

Kwa kuwa wewe hukuniambia kitu, nilimkalisha chini shangazi. Unajua ukimuuliza jambo anavyoanzia mbali. Alianza na bei ya chumvi wakati huo. Lakini alipofika alifika. Anasema kabla ya baba, bibi yetu alizika watoto wawili, wote wachanga. Alipopata wa tatu hakutaka hata kumtazama, aliogopa kumzoea. Ndipo mkunga akamwinua yule mtoto, akamwita kwa jina hilo, akasema, "Huyu ndiye mwenye kubaki, na wewe mama yake mshike." Bibi akamshika. Baba akabaki, akabaki mpaka meno yakamwisha.

Halikuwa jina geni, anasema. Enzi hizo ukisimama sokoni ukaliita, vichwa vinne vinageuka. Kwenye karakana ya mizani alikojifunza baba walikuwa watatu wenye jina hilo, fundi mkuu akachoka, akawaita Mrefu, Mnene na Yule Mwingine. Baba yetu ndiye alikuwa Yule Mwingine! Nilicheka mpaka nikajishika tumbo kwa hofu.

Mimi naliita kwa siri, mdogo wangu. Nikiwa peke yangu naweka mkono tumboni naliita, naye anatulia kama anasikiliza. Usinicheke.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa kwenu sasa ana miezi. Kama jembe ni zito, mpeni hata jina.

Dada yako


Tarehe 30 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama. Mashine kubwa imepona. Mgeni ameongezeka uzito na anacheka na ukuta, hatujui kuna nini ukutani. Wifi yako anasema anakusalimu sana na ana mambo yake ya kukuandikia, nimemwambia asubiri nimalize mimi kwanza.

Uliniomba nikuandikie ninayoyajua kuhusu jina la baba, nami nimefikiri niwe mkweli kwako, kwa sababu mtu asipoambiwa na nduguye ataambiwa na nani.

Jina lile limekufa, dada. Shangazi anakuambia ya zamani, na ya zamani ni matamu, lakini hakukuambia kilichofuata. Sisi tulipokuwa shuleni kulikuwa na mchezo wa redio, na mle ndani alikuwemo mlinzi mpumbavu, aliyefungulia wezi geti na kuwabebea mizigo. Alikuwa na jina la baba. Nchi nzima ilicheka. Wenye jina hilo wakaanza kufupisha, wengine wakabadilisha kabisa. Unakumbuka watoto walivyokuwa wakimfuata baba njiani na mizani yake begani, wanamwita kwa sauti ya redio? Yeye alicheka nao. Mimi nilivuka barabara nikapita upande wa pili.

Hapa kazini tumechapa vyeti vya shule tatu mwaka huu. Nimeyapitia majina yote. La baba sikuliona hata kwa bahati mbaya. Sasa watu wanataka majina mafupi, yanayoitika vizuri, yasiyo na historia. Mtoto wako atakaa darasani na jina la babu wa watu, mwalimu akiita atageuka kuona kama kuna mzee mlangoni. Na hilo la maana, "mwenye kubaki", mimi naona hata linatisha. Ni kama unamkumbusha kila siku kwamba kuna wasiobaki.

Sisemi usimpe. Ni lako. Nasema fikiria. Sisi wenyewe la Mgeni bado tunalitazamatazama.

Nisalimie wote.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nilimsomea shangazi, na sikupaswa kumsomea. Aliinuka katikati akaenda jikoni, akakaa huko na sufuria tupu. Aliporudi alisema, "Hivyo ndivyo anavyomkumbuka kaka yangu?"

Sikujua kwamba ulikuwa ukivuka barabara. Mimi nilikuwa natembea naye, nimeshika kamba ya mizani, na wale watoto nilikuwa nawatukana. Labda ndiyo maana mimi sikumbuki aibu, nakumbuka matusi tu.

Lakini nimefikiri. Wewe ni msomi wa majina kuliko mimi, na unampenda mpwa wako hata kabla ya kumwona, usingeandika hivyo bila sababu. Hilo la wasiobaki limeniingia. Jana niliweka mkono tumboni nikataka kumwita, nikashindwa.

Miguu imevimba. Shemeji yako ameomba asipangiwe safari ndefu. Tuombeeni.

Dada yako


Tarehe 24 Julai

Mdogo wangu,

Amefika! Mvulana. Mzima, mzito, ana sauti ya mnadi. Hukunijibu barua ya mwezi uliopita, lakini leo sina nafasi ya kununa. Shemeji yako alilia wodini mpaka wakamtoa nje, wagonjwa wengine wakadhani amefiwa. Shangazi amepatana na majirani wote watatu kwa siku moja ili wapate kuja kumwona mtoto. Mimi nimeshonwa kidogo, nakaa upande mmoja, lakini nikimwangalia nasahau nimekaaje.

Sasa jina. Nesi aliniuliza. Jina la baba lilikuwa hapa kwenye ulimi, nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo, nikalimeza. Nilikumbuka ulivyoniandikia. Nilisema moyoni, mtu pekee aliyenijali kiasi cha kuniambia jambo nisilotaka kulisikia ni huyu mdogo wangu. Wengine wote wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi nikampa jina lako.

Ndiyo, lako! Si jina la fasheni, lakini linaitika, na hakuna mpumbavu wa redio aliyelichafua. Shangazi alikunja uso kidogo, baadaye akaanza kumwita "mjomba" kwa utani, akimtania kwamba ana deni la kuandika barua. Nyumba nzima sasa inakuita wewe kutwa. Akikojoa ni wewe, akicheua ni wewe.

Kwa hiyo una somo wako huku. Nataka aje kuwa kama mjomba wake, aweze kumwambia nduguye ukweli hata kama unauma.

Na Mgeni je? Amepata jina?

Dada yako mwenye furaha


Tarehe 3 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kwa ajili yako na ya mtoto. Nashukuru kwa kweli, haya mengine yasifunike hilo.

Barua yako ilikuja kazini. Niliifungulia kwenye mashine, wenzangu wakauliza kuna msiba? Nikasema hapana, dada kajifungua salama. Wakanipongeza, wakanipiga mgongoni, nami nikaenda kusimama stoo kwenye marobota ya karatasi. Nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Mtoto wangu ana jina la baba. Alikuwa nalo kabla hujaniandikia barua ya kwanza; hilo la Mgeni lilikuwa la barua tu.

Nakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Alizaliwa kabla ya wakati, rangi yake haikuwa rangi ya mtu. Walitaka kumpeleka chumba cha joto ambako wapo wengi wadogo kama yeye, nesi akaja na plasta ya kumfunga mkononi, akaniuliza jina, haraka. Tulikuwa tumeshakubaliana jina jingine mimi na wifi yako. Nilifungua mdomo nikataja la baba. Sikulichagua. Nilikuwa nalia, nikaita baba yangu kama mtoto anayeanguka, nesi akaandika. Baada ya hapo kila aliyepita pale alimwita hivyo, na akabaki. Wifi yako akasema jina hili haliondolewi tena, lakini mwandikie dada yako leo leo. Nikamwambia nimeshaandika. Yeye naye nimemdanganya. Mpaka sasa anashangaa kwa nini hujawahi kumsalimu mwanawe kwa jina.

Ahadi yangu niliikumbuka, dada. Niliikumbuka pale pale, nesi hajamaliza kufunga plasta. Nikajiambia, dada labda hatazaa tena. Nilijiambia hivyo, na nikapata nafuu. Wiki iliyofuata nikapokea barua yako kwamba una mimba. Hili ndilo lililonifunga mikono, hata zaidi ya jina lenyewe.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa. Barua ya Mei niliipanga maneno kama ninavyopanga kazi ya mteja. Yule mlinzi wa redio hakuna anayemkumbuka, vijana wa hapa kazini niliwauliza hawamjui. Na vyeti nilidanganya. Jina la baba lilikuwemo, kila shule. Limeanza kurudi, dada, watu wanawapa watoto jina la babu zao. Nililichapa kwa mkono wangu, kisha nikaenda nyumbani nikakuandikia kwamba limekufa. Nilitaka uliache wewe mwenyewe, ili siku moja nije kusema, nilidhani hulitaki.

Nakuomba kitu. Mpe mwanao jina la baba. Watoto wawili wakiwa nalo kuna ubaya gani? Hata karakana ilikuwa nao watatu. Na jina langu mvue mtoto, linirudie mwenyewe. Halifai kubebwa na mtoto asiye na kosa. Wifi yako nimemweleza jana. Hasemi na mimi.

Sina la kuomba zaidi.

Mdogo wako


Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mtoto ananenepa, na shemeji yako amerudi barabarani. Wifi yangu kaniandikia barua ndefu ya peke yake, nimemjibu, na yaliyomo hayakuhusu.

Nimekaa na barua yako kwa wiki kadhaa. Kuna mstari mmoja mle ndani, unaujua, nilipousoma niliikunja karatasi kwa ndani nisiuone tena. Ulipata nafuu. Mimi nikiwa nalala chali nahesabu mwezi wa tano, kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyepata nafuu akidhani sitazaa, na ni wewe niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua. Nimelia. Nimekutukana pia, kwa sauti, mbele ya mtoto, na sijutii.

Ungeniambia tu. Ungeandika Februari, "Dada, nilishikwa na hofu, nikaita jina la baba, nisamehe." Ningenuna wiki moja. Ya pili ningekuwa nimeshamwita mwanao baba, ningekuwa natafuta soksi za kumletea. Unadhani ningesimama na mtoto mgonjwa tukinyang'anyana jina? Kunitwalia fungu langu ningekusamehe siku ile ile. Lakini ulinifanya nikamwonea haya baba yangu. Ulinifanya nikanyamaza na mtoto tumboni, mwezi mzima sikumwita kitu. Hicho sijui nitakirudishaje.

Shangazi nilimwambia. Nilidhani atalipuka. Aliuliza tu, "Basi yupo? Jina la kaka yangu lipo, linalia mahali?" Nikasema lipo. Akatabasamu, mdogo wangu, hata mimi nilikasirika alivyotabasamu. Kisha akasema mbona umekonda kwenye picha ile ya mwaka jana, je unakula. Ndivyo alivyo.

Mbusu baba yangu mashavu yote mawili. Mwambie kwamba mimi shangazi yake nilichelewa kumsalimu kwa sababu sikuambiwa kwamba amefika. Mwite jina lake kwa sauti, lote, msilifupishe. Na hilo la Mgeni sitaki kulisikia tena.

Umeniomba nimvue mwanangu jina lako. Hapana. Nimemzoea nalo, anatulia akilisikia, na mimi si mtu wa kumnyang'anya mtoto kitu nilichompa. Nilipompa nilidhani ni jina la mtu mkweli. Hajui bado kama nilikosea. Siku moja atakua, ataniuliza nilimpa jina la mtu gani, nami sitamdanganya hata kwa ajili yako.

Una miaka michache kabla hajajua kuuliza. Itumie.

Dada yako